Naishiwa pumzi baada ya safari mbili za bwawa la jimu, nitafikaje mita 1,000?

Nyundo_ya_Maji

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wa wanaoogelea kwa mazoezi, si wa kujimwagia maji tu.

Bwawa la klabu ninalotumia lina urefu wa mita 20 na kina cha mita 1.2 kote. Kuna njia mbili zenye kamba, sehemu iliyobaki ni ya wote. Maji ni ya uvuguvugu. Ninaposema safari moja namaanisha ukuta hadi ukuta.

Nakimbia kilomita 10 bila taabu, lakini nikiogelea mtindo huru, safari mbili tu natafuta ukuta wa kushika. Maswali yangu:

1. Pumzi ya kukimbia inapotelea wapi nikiingia majini?
2. Nataka mita 1,000 ndani ya dakika 40, mara tatu kwa wiki. Nianzie wapi?
3. Tukiwa watatu kwenye njia moja, utaratibu ni upi? Juzi tumegongana vichwa.
4. Saa ya mkononi inaandika mita 475 wakati nimehesabu safari 19. Nani mwongo?
5. Ule mgeuko wa kupinduka ukutani ni lazima?

Asanteni.

---

Kasia_Mbili

Mkuu, mapafu yako hayana kosa. Mkimbiaji anahema apendavyo. Mwogeleaji ana muda usiofika sekunde moja wa kuvuta hewa, mdomo ukiwa nje. Kama bado hajatoa hewa ya mwanzo, muda huo wote unaishia kwenye kutoa, kisha anaongeza kipumzi kidogo juu ya kifua ambacho tayari kimejaa. Akirudia hivyo mara kumi, kabonidayoksaidi inarundikana mwilini. Ndiyo inayokuletea ile hofu ya ghafla ya kutaka kusimama, hata kama oksijeni bado ipo.

Dawa yake ni kutoa hewa muda wote uso ukiwa ndani ya maji. Simama kwenye maji ya kifuani, shika ukingo, zamisha uso, toa mapovu kwa pua na mdomo bila kukatisha, kisha geuza kichwa ubavuni, vuta, rudisha. Fanya mara 20 mfululizo kabla ya kila zoezi. Kipimo ni rahisi: ukigeuza kichwa ukajikuta unapuliza kwanza ndipo uvute, bado hujatoa vya kutosha chini.

Jambo la pili ni kichwa. Wengi hutazama mbele kuogopa kugonga ukuta. Kichwa kikipanda, nyonga na miguu vinashuka, na mwili unakwenda mshazari ukisukuma maji kwa tumbo na mapaja. Hapo unaanza kupiga miguu kwa nguvu ili isizame, na misuli ya mapaja ndiyo inayomaliza oksijeni haraka kuliko mingine yote. Wakimbiaji wanaumia zaidi kwa sababu vifundo vyao ni vigumu: mguu haunyooki nyuma, kwa hiyo teke halisukumi chochote. Tazama sakafu moja kwa moja chini yako. Unapovuta hewa, kioo kimoja cha miwani kibaki ndani ya maji. Miguu iende polepole, teke moja kwa kila mkono linatosha.

Ukitaka kuhakikisha kwamba tatizo ni miguu, weka boya la mapajani (kipande chepesi kinachoelea, unakibana kati ya mapaja) uogelee safari mbili. Zikiwa rahisi ghafla, umepata jibu. Usilifanye boya mkongojo lakini. Litumie robo ya zoezi, kisha liweke kando.

La tatu ni mwendo. Ukinzani wa maji hupanda kwa mraba wa kasi: ukienda mara mbili ya kasi, maji yanakuzuia takriban mara nne. Mkimbiaji anaondoka ukutani kwa kasi ya mbio, analipa safari ya pili. Safari ya kwanza iogelee kama mvivu.

Sasa swali lako la pili, na hapa nataka uangalie hesabu yako mwenyewe. Mita 1,000 kwenye bwawa la mita 20 ni safari 50. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Gawanya: sekunde 48 kwa safari. Ukiogelea safari moja kwa sekunde 28, zinabaki sekunde 20 za kupumzika ukutani kila mara. Maana yake huhitaji kuogelea mita 1,000 bila kusimama ili kutimiza lengo lako. Watu wengi wanakata tamaa kwa sababu wanadhani zoezi ni kwenda hadi kuchoka, kusimama dakika tatu, kisha kwenda tena hadi kuchoka. Hilo linafundisha mwili kuogelea vibaya, kwani safari za mwisho zote zinakuwa za kupapatika.

Kata vipande, ondoka kwa saa:

Wiki mbili za mwanzo: safari 1 kila dakika 1, mara 20 hadi 25. Unaondoka mshale wa sekunde wa saa ya ukutani ukiwa juu, unafika, unapumzika hadi uwe juu tena. Ni mita 400 hadi 500 tu, na ziwe safi.

Kisha safari 1 kila sekunde 50. Kwenye saa ya ukutani ni rahisi: unaondoka mshale ukiwa 60, safari inayofuata kwenye 50, halafu 40, 30, unarudi nyuma kumi kumi. Ongeza tano kila wiki hadi 50. Zikifika 50 umemaliza mita 1,000 kwa dakika 41 na sekunde 40.

Baada ya hapo unganisha: safari 2 kila dakika 1 na nusu, mara 25. Jumla mita 1,000, dakika 37 na nusu.

Halafu safari 4 kila dakika 3, mara 13. Hizo ni mita 1,040 kwa dakika 39.

Usipande ngazi kwa sababu wiki imeisha. Panda pale ambapo kipande cha mwisho kinachukua muda uleule na cha pili, ukizidi labda sekunde mbili. Ikiwa cha mwisho kimezidi sekunde tano, ama umeanza kwa pupa ama pumziko halitoshi.

---

Bi_Pezi

Nijibu la tatu, maana vichwa vikigongana kwenye maji hiyo si ajali, ni kukosa kusemezana.

Mkiwa wawili: gawaneni njia katikati, kila mmoja upande wake, kwenda na kurudi. Mkiwa watatu au zaidi: mnazunguka, unakwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili, mstari wa chini ukiwa katikati yenu. Kosa kubwa linatokea pale wa tatu anapoingia wakati wawili wameshagawana. Yeye anadhani wanazunguka, wao wanadhani yeye ni mpita njia. Kwa hiyo anayeingia asubiri ukutani, miguu ndani ya maji, hadi wote wawili wamemwona na kukubali kwa maneno: "tuzunguke?" Kama mmoja hajasimama, keti kwenye ukingo wa pembe. Usijitose kamwe mbele ya mtu anayekuja.

Upande wa kushika, soma kibao. Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya hushika kulia. Uingereza mara nyingi njia zinapishana, moja inazunguka kwa mwelekeo wa saa na ya jirani kinyume chake, ili mikono ya watu wa njia mbili isikutane kwenye kamba. Kibao kikikosekana, fuata waliotangulia.

Njia ya mashindano ina upana wa mita 2.5. Za klabu nyingi ni nyembamba kuliko hiyo, na hapo ndipo mambo yanaharibika:

Mtindo wa chura una teke pana. Kwenye njia nyembamba mnayozunguka, teke hilo linamfikia mwenzako mbavuni. Libane kidogo unapopishana na mtu.

Vibao vya viganja, vile vya kuvaa mikononi, viache nyumbani siku za msongamano. Ni plastiki ngumu, inachana ngozi.

Mtindo wa kipepeo na wa chali, subiri upate njia peke yako. Chali hasa, kwa kuwa mabwawa mengi ya jimu hayana zile bendera zinazoning'inia mita 5 kabla ya ukuta, na mtu anagonga kisogo. Ikiwa lazima, hesabu mikono: ogelea kifudifudi hadi mahali unapopajua, mita 5 kutoka ukutani, kisha geuka chali uhesabu mikono hadi kugusa. Ukipata minne, mara zote uwe tayari kwenye wa tatu.

Kuachana: angalau sekunde 5 baada ya aliyekutangulia, 10 ni bora. Kupita mtu katikati ya njia ya jimu usijaribu. Gusa unyayo wake mara moja, mara moja tu, naye akifika ukutani abane kwenye pembe akupishe. Ukiguswa wewe, usichukie, hiyo ndiyo honi yetu.

Kupumzika: kaa pembeni kabisa, ukiacha katikati ya ukuta wazi kwa anayegeuka. Na usiondoke sekunde moja kabla ya mwenye kasi kufika. Mwache ageuke, mfuate.

Njia unachagua kwa kasi, wala si kwa mtindo. Mtu wa chura mwepesi anakaa vizuri na mtu wa mtindo huru wa polepole. Na uulize mapokezi ratiba ya mazoezi ya viungo majini. Watu 20 wanaoruka ruka kwenye bwawa la mita 20 wanatengeneza mawimbi ambayo kamba nyembamba haziyazuii, utameza maji kila ukivuta.

---

Samaki_Mkavu

Saa yako haijadanganya, umeipa urefu usio wake. 475 gawanya kwa 19 ni 25. Imewekwa mita 25, bwawa lako ni 20. Umeogelea mita 380. Ingia kwenye mipangilio ya kuogelea bwawani, weka urefu kwa mkono, 20, na uhakikishe ni mita na si yadi. Huu wa yadi unawanasa wengi: bwawa la yadi 25 ni mita 22.86, kwa hiyo anayedhani ameogelea kilomita kwa safari 40 ameogelea mita 914. Saa nyingine pia zina kikomo cha chini cha urefu, kwenye vibwawa vya mita 12 zinakataa kabisa. Hapo tumia saa ya ukutani na muda.

Hata ukiiweka sawa itakosea wakati fulani. Saa haioni ukuta. Inasikia mkono unavyozunguka, na inajua umegeuka kwa kile kishindo cha kusukuma ukuta na mkono kunyooka. Kwa hiyo:

- ukisimama katikati kurekebisha miwani, inahesabu safari ya ziada;
- ukisukuma ukuta kwa unyonge, inaunganisha safari mbili kuwa moja;
- ukishika ubao wa kupigia miguu, mkono hausogei, haihesabu kitu;
- ukibonyeza kitufe cha pumziko ukiwa tayari umeondoka, sekunde zinahamia mahali si pake.

Kwa vipande alivyokupa Kasia_Mbili, bonyeza ukifika na bonyeza kabla ya kuondoka, itatulia.

Urefu wa bwawa una jambo jingine ambalo watu hawalifikirii wakilinganisha muda. Ukisukuma ukuta vizuri unateleza mita 4 bila kupiga mkono. Kwenye kilomita moja ya bwawa la mita 20 hizo ni mita 200 za bure. Kwenye bwawa la mita 50 ni mita 80. Ndiyo maana mtu wa jimu akienda bwawa kubwa anaona muda wake umeharibika. Hajawa mbovu, amepoteza kuta.

Joto nalo. Maji ya mashindano yanatakiwa nyuzi 25 hadi 28. Klabu nyingi huweka 28 hadi 30, nyingine zaidi, kwa sababu anayetembea majini asisikie baridi. Kwa anayefanya kazi ngumu ni joto mno: unatoka jasho na hulioni, uso unawaka, mapigo ya moyo yako juu kuliko kasi unayokwenda. Hata mashindano ya baharini na maziwani hayaruhusiwi maji yakizidi nyuzi 31. Weka chupa ya maji mwisho wa njia, kunywa funda kadhaa kila dakika 15, na unapopumzika simama mabega yakiwa nje ya maji. Kichwa kikianza kupwita, toka.

Mgeuko wa kupinduka? Si lazima. Kwa mpango wa safari moja moja huna hata mgeuko wa kufanya. Ukifika safari mbili mbili jifunze mgeuko wa kawaida kwanza, maana wengi wanapoteza sekunde tatu hapo wakijivuta juu ya ukingo. Mkono mmoja unagusa ukuta usawa wa maji. Magoti yanakunjwa kuja kifuani na kupita chini yako. Mkono wa pili umebaki nyuma, kiganja juu, ukielekea unakotoka. Nyayo zinafika ukutani, mkono uliogusa unapita karibu na sikio, unavuta hewa, unazama kwa ubavu. Ndipo unasukuma, mwili ukiwa sentimita 40 hivi chini ya uso wa maji, mikono imenyooka kiganja juu ya kiganja, masikio kati ya mikono. Usisukume kabla hujazama. Ukisukuma ukiwa juu unapambana na wimbi lako mwenyewe.

---

Kasia_Mbili

Kwa kupinduka natofautiana kidogo. Mtu anayelenga safari nne nne aanze kujifunza mapema, nje ya zoezi, dakika tano mwishoni. Kinachomzuia mtu mara nyingi si ugumu wake, ni maji puani, na hayo yanaisha ukitoa hewa kwa pua muda wote unaozunguka.

Kina cha mita 1.2 kinatosha ukijikunja vizuri. Anza katikati ya bwawa, mbali na ukuta: mikono yote miwili mapajani, kidevu kifuani, teke dogo la miguu yote pamoja, visigino kuelekea makalio. Ukipinduka hivyo mara kumi bila kwenda mshazari, sogea ukutani. Mstari wa sakafuni kwenye mabwawa yanayofuata kanuni unaishia mita 2 kabla ya ukuta kwa alama ya T. Kichwa kikipita T, mkono mmoja zaidi, pinduka. Jimu nyingi hazina alama hiyo, basi tafuta kigae au taa ya ndani ya maji iliyo umbali huo. Ukipinduka karibu mno magoti yanabanwa kwenye kidevu. Mbali mno nyayo zinakanyaga maji. Sukuma ukiwa chali, geukia kifua wakati unateleza.

Hatari ya bwawa fupi la kina kifupi ni kusukuma kuelekea chini: pua inakwaruza sakafu. Na angalia ngazi. Mabwawa mengine yana ngazi iliyojitokeza ukutani upande mmoja, huko geuka kawaida.

Kujirusha kwa kichwa kwenye mita 1.2, kamwe. Shingo inavunjika.

---

Tumbawe

Njia ya mkato ya pumzi: vuta hewa haraka haraka kama mara 15, kisha pita safari nzima chini ya maji. Fanya mara tano kila siku. Mapafu yatazoea, hutahitaji mambo yote haya ya saa.

---

Kivuko_Salama

Tumbawe, huo ushauri unaua, na naomba anayesoma asiufuate.

Kuhema haraka haraka hakuongezi oksijeni ya maana kwenye damu, damu ilishajaa. Kunachofanya ni kufagia kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo kengele inayokulazimisha kuvuta hewa. Unaingia chini kengele imezimwa. Oksijeni inashuka hadi ubongo unazima kabla hujasikia haja ya kupumua, bila onyo. Hutokea kwenye maji ya kiunoni, kwa waogeleaji hodari, na kutoka juu mtu anaonekana kama anateleza tu. Kurudia rudia kwa pumziko fupi kunazidisha hatari. Ndiyo maana mabwawa mengi yana kibao cha kukataza kubana pumzi.

Na ushauri huo haujibu tatizo la muulizaji hata kidogo. Yeye tayari anabana pumzi, ndiyo shida yake.

Kwa kuwa mabwawa mengi ya jimu hayana mwokoaji, angalia kabla ya kuingia: kengele ya dharura iko wapi, boya la kurusha liko wapi, na kama kuna mtu mwingine. Bwawa tupu la alfajiri linavutia, lakini mwambie mtu wa mapokezi kwamba uko ndani.

---

Nyundo_ya_Maji

Nashukuru sana wakuu. Nimejaribu mapovu 20 na safari moja kila dakika, nimefika 20 bila kuhaha. Bado mambo matatu: miwani inaingiza maji na kupata ukungu, macho yanawasha na harufu ya klorini ni kali, na bega la kulia limeanza kuuma kwa mbele. Nahemea kulia peke yake.

---

Bi_Pezi

Miwani: ibandike machoni bila kuvuta mkanda. Ikishika yenyewe sekunde mbili tatu, inakufaa uso. Ikidondoka hapo hapo, hakuna mkanda utakaoiponya, badilisha umbo au kipande cha juu ya pua. Inayoshika lakini inavuja, kwanza angalia kama ukingo wa kofia au nywele zimeingia chini ya mpira. Pili, legeza mkanda. Wengi hukaza, mpira unajikunja, maji yanapita kwenye mkunjo. Mkanda ukae nyuma ya kichwa juu kidogo ya masikio, nyuzi zake mbili zikiwa zimeachana.

Ukungu unatokana na uso wa moto na kioo cha baridi. Usivae miwani mara tu ukitoka kwenye bafu la maji ya moto, jimwagie uso maji ya bwawa kwanza. Isuuze ndani kwa maji baridi na usiguse kioo kwa kidole, ule utando wa kuzuia ukungu unakwanguka kirahisi. Ukishaisha, tone moja la shampuu ya watoto, pakaza, suuza kidogo. Anika kivulini, usiifunge ikiwa mbichi.

Kama unavaa lenzi za macho, zitoe. Zinashikilia vijidudu vya majini dhidi ya jicho, na kuna amiba anayekula konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Miwani ya kuogelea yenye namba inapatikana.

---

Samaki_Mkavu

Harufu ile kali ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi. Bwawa safi lina harufu hafifu sana. Kwa hiyo harufu ikizidi, maana yake uchafu umezidi uwezo wa klorini au hewa ya ukumbi haitoki.

Omba kuona daftari la vipimo, klabu nzuri hulibandika ukutani. Klorini huru, yaani ambayo bado haijaungana na uchafu, isipungue miligramu 1 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe kati ya 7.0 na 7.8. Kisha toa klorini huru kwenye klorini jumla: baki likizidi 0.4, ndiyo hizo kloramini zinazokuwasha, na waambie wabadilishe sehemu ya maji. Upande wako, oga dakika moja nzima kabla ya kuingia, hiyo tu inaondoa sehemu kubwa ya kinacholeta tatizo. Anayejipaka losheni kisha kuruka ndani ndiye adui yetu sote.

Ukiwa na tumbo la kuhara usiingie. Kuna kimelea, kriptosporidia, anayeishi siku kadhaa kwenye maji yenye klorini ya kawaida.

---

Kasia_Mbili

Bega: mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka mbele, safari moja. Angalia mkono wa kulia unapoingia majini. Nina hakika kubwa utauona unavuka mstari wa kichwa kwenda kushoto, hasa wakati unarudisha uso baada ya kuvuta hewa, au unaingia kidole gumba kwanza. Vyote viwili vinazungusha bega kwa ndani na kubana kano chini ya mfupa.

Mkono uingie sambamba na bega, kidole cha kati kwanza, kiganja kikitazama chini. Ukishanyoosha, usikandamize maji kwa mkono ulionyooka. Kunja kiwiko kibaki juu ya kiganja, kisha sukuma maji kuelekea nyuma. Mwili mzima uzunguke kidogo, bega na nyonga pamoja, ili mkono usifanye kazi peke yake. Vibao vya viganja usiviguse hadi zipite wiki mbili bila maumivu. Kama linauma hata usiku ukilalia, acha kuogelea na mwone mtaalamu wa viungo.

Kuhusu kuhemea upande mmoja, usijilazimishe kila mikono mitatu sasa hivi, utarudi kule kule kwenye kukosa hewa. Hema kila mikono miwili, kulia ukienda na kushoto ukirudi. Utakuwa unatazama ukuta uleule safari zote, na shingo na mabega yatagawana kazi. Upande wa kushoto utameza maji siku za mwanzo; legeza mwendo safari hizo, na kwenye saa ya dakika moja muda unao.

---

Nyundo_ya_Maji

Video nimeiona. Mkono unavuka, tena sana. Kamba ya njia iko kulia kwangu nikienda, ndiyo nilikuwa naikwepa.

---

Kasia_Mbili

Basi sogea sentimita 20 kutoka kwenye kamba, na ukiwa peke yako ogelea juu ya mstari wa sakafuni, mkono wa kulia uingie kulia kwa mstari, wa kushoto kushoto. Safari 6 za hivyo mwanzoni mwa kila zoezi, polepole, kabla hujaanza kuhesabu dakika.